Jimbo la Ileje: Kiti Hubadilika, Daftari Libaki

Hotuba katika mkutano wa mwaka na harambee ya maendeleo ya Ibaba, 2025

 

Kamati iliniomba nizungumze juu ya historia ya uchaguzi wa jimbo letu la Ileje. Baadhi yenu mliposikia mada hii mliuliza, na mlikuwa na haki ya kuuliza: je, siasa zimeingia kwenye harambee yetu? Jibu langu ni hapana. Chama chetu hiki ni cha watu wa nyumbani. Humu ndani kuna wenye kadi ya chama hiki, wenye kadi ya chama kile, na wapo wasio na kadi yoyote. Tukizikana tunabeba jeneza pamoja, hatuulizani kadi. Iendelee kuwa hivyo.

Lakini Oktoba mwaka huu tutapiga kura, na sote tunajua kinachotokea kwenye harambee katika mwaka wa uchaguzi. Kwa hiyo naomba tuitazame historia kwanza, halafu mwisho nitaweka mbele yenu mapendekezo matatu, myakubali au myakatae.

Tulipokuwa sehemu ya Rungwe

Vijana wetu wengi wamezaliwa wakaikuta Ileje ni wilaya, makao makuu yake Itumba. Wazee wanajua kwamba haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wakati wa Mwingereza, na miaka ya kwanza ya Uhuru, sisi tulihesabiwa ndani ya Wilaya ya Rungwe, na boma lilikuwa Tukuyu. Mwenye shauri, mwenye kodi, mwenye kesi, safari yake ilikuwa ya huko. Ileje ilikuja kukatwa na kuwa wilaya katika miaka ya 1970.

Nasema hili kwa sababu linaeleza jambo la msingi. Kabla ya kuwa na kiti chetu wenyewe, mambo yetu ya milimani na ya bondeni kando ya Mto Songwe yalikuwa yanasemwa na watu waliochaguliwa na eneo kubwa zaidi. Kuwa na jimbo ni kuwa na mtu mmoja bungeni ambaye akisimama, kinachotajwa ni Ileje.

Na kura yenyewe haikuanza kuwa ya watu wote. Uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958 na 1959 ulikuwa na masharti ya kipato, elimu au cheo. Mkulima wa kawaida hakuwa na nafasi. Tena mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, hiyo ndiyo kura tatu iliyoleta mjadala mkubwa ndani ya TANU. Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na Desemba 9, 1961 tukapata Uhuru.

Jembe na Nyumba

Uchaguzi ambao wazee waliobaki wanaukumbuka vizuri zaidi ni ule wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja. Nchi ilikuwa na majimbo 107 ya kuchaguliwa. Karibu kila jimbo liliwekewa wagombea wawili, wote wa TANU. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa alama ya Jembe na mwenzake Nyumba.

Kampeni za wakati ule zilikuwa na utaratibu wake. Wagombea wawili walisafiri pamoja, walipanda jukwaa moja, kila mmoja alipewa muda wake, na chama ndicho kilichoandaa mikutano. Ilikatazwa kuomba kura kwa kabila, dini au rangi. Hotuba zilikuwa kwa Kiswahili, hata pale ambapo mgombea na wasikilizaji wote walikuwa na lugha moja ya nyumbani. Sisi wa Ileje, wenye Wandali, Walambya, Wamalila na Wanyiha, tunaelewa faida ya kanuni hiyo bila kuelezwa.

Na msidhani kwamba kwa kuwa chama kilikuwa kimoja basi kura haikuwa na meno. Mwaka ule mawaziri wawili waliangushwa, mmoja wao Paul Bomani, mtu mkubwa katika serikali. Wananchi waliambiwa wachague kati ya wawili, na kweli wakachagua.

Utaratibu huo wa wagombea wawili uliendelea mwaka 1970, 1975, 1980, 1985 na 1990. Katikati yake, Februari 5, 1977, TANU na ASP ziliungana ikazaliwa CCM. Udhaifu wake ulikuwa kwamba waliochuja majina hadi yakabaki mawili walikuwa watu wachache ndani ya chama. Shikeni neno hilo la kuchuja majina, kwa maana nitalirudia.

Vyama vingi vinaingia

Mwaka 1991 iliundwa tume chini ya Jaji Francis Nyalali kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Waliotaka chama kimoja kiendelee walikuwa kama asilimia 80, waliotaka vingi asilimia 20. Tume ilipendekeza vyama vingi hata hivyo, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Uchaguzi wa kwanza wa mfumo huo ulifanyika Oktoba 29, 1995.

Kwa Ileje, jina linalotawala miaka ile ni la Mheshimiwa Gideon Asimulike Cheyo. Katika serikali ya Rais Mkapa alikuwa Waziri wa Ardhi na Maendeleo ya Makazi, na ni katika kipindi cha uwaziri wake zilipotungwa Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za 1999. Sheria hiyo ya vijiji ndiyo inayoipa halmashauri ya kijiji chako madaraka ya kusimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, chini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kila mmoja wetu mwenye shamba la urithi kule Ibaba anaishi chini ya sheria hiyo.

Mheshimiwa Cheyo alikuwa mbunge wetu hadi 2010. Kuanzia hapo kiti kikaanza kuzunguka.

Chaguzi tatu, wabunge watatu

Uchaguzi wa Oktoba 31, 2010 ulimpeleka bungeni Mheshimiwa Aliko Nikusuma Kibona.

Uchaguzi wa Oktoba 25, 2015 ulimpeleka Mheshimiwa Janet Zebedayo Mbene. Yeye alikuwa tayari anafahamika bungeni. Mwaka 2012 aliteuliwa na Rais Kikwete kuwa mbunge, akawa Naibu Waziri wa Fedha, kisha Naibu Waziri wa Viwanda na Biashara. Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa Januari 2016 ukiwa na majimbo sita, yeye ndiye alikuwa mwanamke pekee kati ya wabunge sita wa majimbo hayo. Mama zetu na binti zetu waliopo hapa, hilo lilifanyika Ileje, jimbo ambalo watu wa mijini hudhani liko nyuma.

Uchaguzi wa Oktoba 28, 2020 ulimpeleka Mheshimiwa Mhandisi Godfrey Kasekenya Msongwe, ambaye baadaye mwaka huohuo akateuliwa kuwa Naibu Waziri katika wizara inayoshughulikia ujenzi.

Sasa angalieni. Wote watatu ni wa CCM, kama alivyokuwa Cheyo. Kwa macho ya mtu wa mbali, Ileje haijabadilika. Lakini kwa mtu wa ndani imebadilika kila miaka mitano. Kibona alikaa kipindi kimoja, Mbene kipindi kimoja, akaja Kasekenya. Chama hakijabadilika, mbunge anabadilika.

Kubadilisha mtu ni haki ya mpiga kura, na mimi siilaumu. Lakini kuna gharama yake, na gharama hiyo haisemwi. Mbunge mpya hujifunza jimbo upya. Jimbo letu lina kata 18, toka mpakani Isongole hadi milimani Bundali. Mpaka azifikie zote, asikilize, ajue nani aliahidiwa nini, mwaka wa kwanza umekwisha. Halafu aliyeondoka huondoka na faili lake kichwani. Ahadi iliyotolewa Ibaba mwaka wa tatu wa mbunge aliyepita, mbunge mpya haimhusu, hakuisema yeye. Wananchi nao wanakumbuka kwa mdomo tu: "Tuliahidiwa." Nani alikuahidi, lini, mbele ya nani, kiasi gani? Kimya.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ahadi nayo ni mali.

Majirani wamepita njia nyingine

Wengi wetu tunaoishi Tunduma tumeona upande wa pili wa jambo hili. Mwaka 2010 Tunduma ilikuwa ndani ya Jimbo la Mbozi Magharibi, na David Silinde wa CHADEMA akashinda. Mwaka 2015 Tunduma ilipiga kura kama jimbo kwa mara ya kwanza ikamchagua Frank Mwakajoka wa CHADEMA, Silinde akashinda Momba, na Pascal Haonga, wa CHADEMA pia, akashinda Mbozi. Vwawa alishinda Japhet Hasunga wa CCM, na Jimbo la Songwe Philipo Mulugo wa CCM. Kwa hiyo kati ya majimbo sita, matatu yalikwenda upinzani na matatu yakabaki CCM, Ileje ikiwa mojawapo.

Mwaka 2020 yote sita yakawa ya CCM. Silinde mwenyewe alikuwa amehamia CCM, akawa mbunge wa Tunduma. Momba ikamchagua Condester Sichalwe, mwanamke mwingine wa mkoa wetu.

Yaani ndani ya miaka kumi Tunduma imeonja upinzani na imeonja chama tawala. Ileje imebadilisha watu ndani ya chama kilekile. Ukimuuliza mwana Ibaba mwenye kibanda pale Tunduma na nyumba ya mama yake kule Ibaba, atakuambia pande zote mbili kilichobaki ni kilekile: kazi ilikwenda vizuri pale ambapo watu waliifuatilia, na ililala pale walipongoja.

Chukueni barabara ya Mpemba hadi Isongole, kama kilomita 50 za lami. Kila anayepita pale leo anaifurahia. Barabara ya namna ile haianzi na kuisha ndani ya miaka mitano. Kuna upembuzi yakinifu, kuna usanifu, kuna fidia, kuna kutafuta fedha, kuna zabuni, ndipo katapila lionekane. Hakuna mbunge mmoja anayeweza kusema ni yangu peke yangu, na hakuna haja. Ila tujiulize, sisi ambao barabara zetu za kupanda milimani bado ni za udongo, ambako masika yakikolea gari la viazi linalala njiani hadi viazi vinaota: faili la barabara yetu liko hatua gani katika hizo nilizotaja? Kama hatujui, basi kila mbunge atakayekuja ataanza na sisi kwenye hatua ya kwanza.

Uzito wa kura ya Ileje

Kuna hesabu moja ndogo napenda vijana muichukue. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 124,451 katika Wilaya ya Ileje. Wilaya ya Mbozi ilikuwa na watu 446,339, nayo mwaka 2015 ilikuwa na majimbo mawili, Mbozi na Vwawa. Gawanya kwa mbili, unapata zaidi ya watu 223,000 kwa kila mbunge kwa wastani. Sisi watu 124,451 tuna mbunge mmoja, na akisimama bungeni sauti yake ni moja kama ya mwenzake. Kura ya mtu wa Ileje kwa hesabu hiyo ina uzito unaokaribia mara mbili ya ya jirani yake.

Upande wa pili wa hesabu ni huu. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, mgawo wake huangalia pia idadi ya watu. Jimbo dogo hupata kidogo, halafu kidogo hicho kinagawanywa kwa kata 18. Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati ya mfuko huo, na miradi inatakiwa itoke kwa wananchi wenyewe. Kijiji kisicho na mradi ulioandikwa katika muhtasari wa mkutano hakina cha kupeleka. Kwa hiyo sauti tunayo kubwa, mfuko tunao mdogo. Mwenye sauti kubwa na mfuko mdogo anapaswa kusema kwa mpangilio.

Kura ndogo kabla ya kura kubwa

Nilisema nitarudia kuchuja majina. Katika jimbo ambalo chama kimoja kimeshinda 2005, 2010, 2015 na 2020, mashindano makali yamekuwa kwenye kura za maoni za chama hicho. Hapo ndipo wabunge wanapobadilika. Mwaka 2010 na 2015 kura za maoni za CCM zilipigwa na wanachama wote. Mwaka 2020 zilipigwa na wajumbe wa mkutano mkuu, halafu majina yakapelekwa ngazi za juu kuamuliwa. Mwaka 2025 chama hicho kiliamua kuongeza idadi ya wajumbe wanaopiga kura.

Siwaambii mwingie chama hicho au mtoke. Ninachosema ni kwamba mwenye kadi yoyote, ya chama chochote, ajue chama chake kinampataje mgombea, ashiriki huko mapema. Mtu anayengoja Oktoba mara nyingi anakuta uamuzi mkubwa umekwisha kufanyika.

Tena kuna kura nyingine ndogo tunayoidharau. Novemba 27, 2024 walichaguliwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji nchi nzima. Mwenyekiti wa kijiji ndiye anayeitisha mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Na diwani wa kata ndiye anayekaa kwenye baraza la halmashauri pale Itumba wakati wa kugawa bajeti. Mbunge ana kata 18, diwani anayo moja, Ibaba tu. Ukipiga simu nyumbani, usiulize tu mvua imenyesha vipi. Uliza mkutano wa kijiji umeitishwa lini na nini kilisomwa.

Bahasha na kipaza sauti

Sasa nifike kwenye jambo lililo mezani.

Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilibadilishwa kuruhusu kile kilichoitwa takrima, kwa hoja kwamba Mwafrika humkirimu mgeni. Aprili 2006 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, kwa sababu vinambagua mgombea asiye na fedha na vinaweza kumpotosha mpiga kura. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria ipo. Lakini watu wana akili nyingi, na mahali pazuri pa kupitishia bahasha bila kuitwa takrima ni kwenye harambee kama hii.

Ndugu zangu, mradi wetu wa mwaka huu ni nyumba ya watumishi, na maelezo yake mnayo katika kijarida hiki. Tunajua kwa nini tunaihitaji. Mwalimu au muuguzi akipangiwa Ibaba akakosa pa kulala, baada ya miezi michache anaomba uhamisho. Tunahitaji mabati, saruji, mbao, milango. Fedha tulizonazo hazitoshi. Katika hali hiyo, akija mtu anayetaka ubunge au udiwani akasema, "Mabati yote nayabeba mimi, nipeni dakika kumi za kusalimia," nani atamkatalia?

Najua hoja za pande zote, nimezisikia kwenye vikao vyetu. Wapo wanaosema: pesa haina chama, nyumba ikikamilika muuguzi atalala, tuchukue. Wana hoja nzito, na mwenye mtoto mgonjwa usiku hana muda wa falsafa. Wapo wanaosema: tusiguse hata senti ya mgombea. Nao wana hoja, kwa sababu tukipokea ya mmoja, mwanachama mwenye kumuunga mkono mwingine atajiona mgeni kwenye chama cha nyumbani kwao. Mwaka unaofuata haji, na ada yake haiji.

Mimi naitazama historia niliyowaeleza. Kiti hiki kimezunguka mara tatu katika chaguzi tatu. Bahasha ya mgombea inanunua kipaza sauti cha siku moja. Uchaguzi ukiisha, ameshinda au ameshindwa, sisi bado tuna barabara, zahanati, shule, na siku zaidi ya 1,800 hadi kura nyingine. Tukiuza kipaza sauti, siku hizo zote hatutakuwa na ujasiri wa kumuuliza. Unamuulizaje mtu aliyekupa mabati?

Mapendekezo matatu

Kwa hiyo naweka haya mbele ya mkutano.

La kwanza, mchango wa mtu yeyote upokelewe, lakini kuanzia leo hadi uchaguzi upite, mtu aliyetangaza au atakayetangaza nia ya kugombea atachangia kama mwanachama mwingine. Anaandikwa, anapewa stakabadhi, jina lake linasomwa katika orodha moja na ya wote. Hapewi kipaza sauti, hapewi meza kuu, wala picha yake haiingii kwenye kijarida chetu. Asiyekubali masharti hayo, tutajua alikuja kwa ajili ya nini.

La pili, badala ya kuwapa jukwaa wagombea mmoja mmoja, tuwape wote maswali yaleyale kwa maandishi, wa vyama vyote, ubunge na udiwani. Maswali yasizidi manne. Utafanya nini kuhusu barabara ya kupanda Ibaba, na utaanzia hatua ipi? Utasaidiaje walimu na watumishi wa afya wabaki? Mradi gani wa kata yetu utauweka kwenye mfuko wa jimbo katika mwaka wako wa kwanza? Utafanya mkutano Ibaba mara ngapi kwa mwaka? Majibu yabandikwe mahali pa wazi kila kijiji, bila sisi kusema lipi zuri. Wapiga kura watasoma wenyewe. Hapo tutakuwa tumerudisha kitu kimoja kizuri cha zama za Jembe na Nyumba: wagombea kusimama mbele ya watu wale wale, na kujibu jambo lile lile.

La tatu, na ndilo kubwa kwangu, tufungue Daftari la Ahadi la Ibaba. Liwe daftari la kweli, lenye jalada gumu. Kila ukurasa uwe na safu: tarehe, mahali, aliyesema na cheo chake, alichosema, mashahidi wawili, na hali ilivyo sasa. Nakala moja ikae Ibaba kwa mtu atakayechaguliwa na mkutano, nyingine ikae na katibu wetu Tunduma. Vijana wenye simu kubwa wawe na kazi ya kufuatilia Taarifa Rasmi za Bunge. Mbunge akiuliza swali kuhusu Ileje na waziri akajibu, jibu lile limeandikwa, tarehe ipo, linakuwa ahadi ya Serikali nzima. Tulinakili. Kiongozi mpya akichaguliwa, wa chama chochote kile, kabla hatujamvisha shada tumkabidhi nakala. Tumwambie: Mheshimiwa, karibu, hapa ndipo mwenzako alipofikia. Anza ukurasa huu.

Hapo hatutajali sana kiti kikizunguka. Mbunge akikaa miaka kumi na tano, daftari litamkumbusha. Akikaa mitano, daftari litamngoja mwenzake.

Kuhusu sisi tulio mbali

Neno la mwisho ni kwetu tunaoishi nje. Wengi wetu tumejiandikisha kupiga kura tunakoishi, na ndivyo sheria inavyotaka. Wa Tunduma atamchagua mbunge wa Tunduma, wa Dar es Salaam atamchagua wa huko. Kwa hiyo kura ya Ileje si yetu. Ni ya wale waliobaki, wale wanaoamka na ukungu kwenda shambani. Tusiwapigie simu kuwaamrisha wamchague nani, kana kwamba sisi tuliosafiri ndio wenye akili. Wao ndio wanaopita kwenye tope lile.

Tulichonacho sisi ni vitu viwili: mchango na kumbukumbu. Mchango, kwa sababu Serikali imezoea kumalizia pale wananchi walipoinua boma, na pasipo na boma hapana cha kumalizia. Kumbukumbu, kwa sababu tunaweza kuandika, kutunza na kuuliza bila kumwogopa mtu.

Ndugu Mwenyekiti, kwa heshima na taadhima naomba mapendekezo haya yajadiliwe kabla ya harambee kuanza, ili kila atakayenyanyua mkono kuchangia ajue masharti ni sawa kwa wote. Na ili nisiwe msemaji tu, jina langu naomba liandikwe la kwanza kwenye orodha ya mabati.

Mungu ailinde Ibaba, na Ileje yote, na watu wake popote walipo.